Wachezaji waulizwe kwanza kabla ya kuletewa utumwa na vita mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu gemu za kuigiza za mezani, zile ambazo watu wanne watano wanakaa pamoja, mmoja anakuwa gemu masta anasimulia dunia na matukio yake, wengine kila mtu ana mhusika wake anamsemea na kumuamulia, halafu dadu zinarushwa kuona alichojaribu kimefanikiwa au kimemshinda. Inayojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka 1974 ila zipo nyingine nyingi sana, na hapa Dar mi mwenyewe nimo kwenye kikundi kimoja, tunachezea nyumbani, tunacheza kwa Kiswahili na tunazipenda kwelikweli.

Kinachonifanya niandike ni mabishano ninayokutana nayo kila nikizitaja. Hadithi ya mezani inaweza kugusa chochote, utumwa, ubakaji, vita vya kikabila, uchawi, mtu kujiua, mtoto kufa, na hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wazee wanasema ni ushetani zipigwe marufuku. Vijana wenzangu wanasema ni gemu tu, asiyeweza atoke. Mi nasema wote wameangalia pembeni.

Wazee nitawajibu kwa kifupi. Hofu yao si mpya, Marekani miaka ya 80 moto uliwaka kwelikweli. Kuna mama wa jimbo la Virginia aliitwa Patricia Pulling, mwanae alijiua mwaka 1982, akaamini ni Dungeons & Dragons iliyomuua, akaenda mahakamani kesi ikaja kutupwa, na mwaka 1983 akaanzisha chama cha kupambana na hiyo gemu, akawa anaenda kwenye tv na kwa mapolisi kuwaonya watu. Simlaumu hata kidogo, uchungu wa mwana aujuae mzazi, lakini wataalamu waliokuja kulichunguza lile jambo hawakukuta kwamba gemu inaua watu. Na wakati wote huo watu wanatafuta mapepo kwenye vitabu, kile kinachoumiza watu kweli mezani kilipita bila mtu kukiangalia.

Kinachoumiza ni gemu masta anayekushtukiza.

Umekuja Jumamosi mchana kukaa na wenzako, una soda yako pembeni, unacheza mhusika uliyemlea kwa miezi, ghafla gemu masta anaamua mhusika wako ametekwa na anaanza kusimulia anachofanyiwa usiku, tena kwa madoido, meza nzima inakuangalia wewe useme unafanya nini. Mwaka 2020 kitu cha namna hii kilitokea kwenye kipindi cha gemu kilichokuwa kinarushwa mtandaoni, gemu masta mwenye jina kubwa alisimulia mhusika wa mchezaji wake mmoja, mhusika mwenyewe ni roboti, akifanyiwa jambo la kingono ambalo hakulitaka, na mchezaji hakuwa ameulizwa. Mchezaji akajitoa, kipindi kikafa. Kuna watu mpaka leo wanasema jamani si roboti, si stori tu, nani aliguswa pale?

Wanaosema hivyo nadhani hawajacheza au wamecheza bila kujisikiliza. Kwenye filamu unamwangalia mtu mwingine, ukishindwa unafumba macho au unatoka nje. Kwenye hizi gemu hatusemi mhusika wangu anakimbia, tunasema nakimbia, najificha, nampiga. Gemu masta naye hasemi amekamatwa, anasema wamekukamata. Wewe. Masaa matatu manne unaongea hivyo mpaka unazoea, na ndio utamu wake wenyewe, ndio maana tunashangilia mhusika akipona kama vile tumepona sisi, sasa ukikubali kwamba furaha inapenya mpaka kwa mtu mwenyewe huwezi kugeuka ukasema maumivu yanabaki kwenye karatasi.

Mfano mwingine ambao kwa sisi Waafrika unauma zaidi. Agosti 2022 kampuni ya Wizards of the Coast, ndio wenye Dungeons & Dragons, walitoa vitabu vya Spelljammer vya safari za kwenye anga za mbali, ndani yake kuna viumbe wanaitwa Hadozee, wanafanana na nyani. Historia yao iliandikwa kwamba walikuwa wanyama wadogo tu, akaja mchawi mmoja akawakamata, akawanywesha dawa wakapata akili na nguvu, lengo awauze kama watumwa wa kivita, na waliowakomboa ni wanafunzi wa huyohuyo mchawi. Yaani nyani aliyefanywa mtu na bwana wake, akaandaliwa kuuzwa, akaokolewa na watu wa upande wa bwana. Wasomaji weusi waliona mara moja inafanana na nini. Mwanzoni mwa Septemba kampuni ikaomba radhi hadharani na kuyaondoa yale maelezo, wakakiri hayakukaguliwa vizuri kabla ya kutoka. Mi sidhani kama mwandishi alikaa akapanga kututukana, nadhani aliandika utumwa kama kitu cha kupamba stori, kitu cha zamani kisicho na wenyewe, na kumbe wenyewe wapo na wanasoma na wamelipia kitabu.

Na si hao peke yao. Mwaka 2018 wenye gemu ya mavampaya, wale wanyonya damu, ya Vampire: The Masquerade walichukua mateso yaliyokuwa yanaendelea Chechnya kule Urusi, watu wanakamatwa na kuteswa kweli tangu mwaka 2017, wakayageuza kuwa njama ya mavampaya ya kuficha mambo yao. Kelele zikapigwa, kampuni mama ya Sweden ikaingilia kati, ile sehemu ikatolewa.

Sasa msije mkanielewa vibaya mkadhani nasema mada nzito zisiguswe kabisa. Hapana, mi ni mtu wa kwanza kuzitaka. Kuna gemu inaitwa Dog Eat Dog ya miaka ya 2010, inahusu ukoloni kwenye visiwa vya Pasifiki, na kabla hata hamjaanza mnatakiwa mkubaliane nani tajiri kuliko wote hapo mezani, huyo ndio anacheza wakoloni, wengine wote ni wenyeji. Sheria ya kwanza imeshaandikwa tayari, inasema wenyeji ni duni kuliko wakoloni. Kila tukio likiisha mnaangalia nani amefuata sheria nani amevunja, vipande vya kuhesabia vinatolewa na kuchukuliwa, halafu wenyeji wanaandika sheria mpya kutokana na walichojifunza, yaani unakaa mwenyewe unaandika kwa mkono wako ni nini ukifanya utaadhibiwa. Ipo nyingine, Steal Away Jordan ya mwaka 2007 ya mwanamama Julia Bond Ellingboe, wachezaji ni watumwa wa Marekani, na idadi ya dadu unazorusha inatokana na thamani uliyopangiwa kama mtumwa. Hiyo ni hesabu ndogo tu ya dadu lakini ukiielewa kifua kinabana. Gemu kama hizi hazimshtukizi mtu, unajua unakwenda kukaa na nini kabla hujavuta kiti, na ndio maana naziheshimu.

Kwa hiyo swali ni utaratibu. Na utaratibu upo, wenzetu wameshahangaika nao miaka mingi. Mbunifu wa gemu Ron Edwards mwanzoni mwa miaka ya 2000 alileta wazo la mistari na mapazia. Mstari ni kitu ambacho hakitatokea kabisa kwenye stori yetu. Pazia ni kitu kinachoweza kutokea ila hatukionyeshi, tunasema kimetokea tunasogea mbele. Baadaye John Stavropoulos wa New York akaleta kadi ya X, ni kadi tu imechorwa X inakaa katikati ya meza, mtu yeyote akiigusa kinachoendelea kinaachwa au kinabadilishwa, na haulizwi kwanini. Hilo la kutoulizwa kwanini ndio moyo wake. Mwaka 2019 kampuni ya Monte Cook Games ikatoa kijitabu cha bure chenye fomu, mada zimepangwa, unaweka alama ya kijani, njano au nyekundu, unampa gemu masta. Watu wengi pia wana kikao cha kwanza kabisa ambacho hamchezi, mnaongea tu mnataka stori ya namna gani.

Vyote vizuri na mi navitetea. Lakini hapa ndio nataka wachezaji wenzangu wa huku wanisikilize, maana naona vikundi vinachukua kadi ya X vinaiweka mezani vinaona kazi imekwisha.

Ile kadi inafaa sana meza ya watu wasiojuana, wanakutana siku moja kwenye tamasha kila mtu anaenda kwao. Meza zetu haziko hivyo. Meza zetu gemu masta ni kaka mkubwa au ni shemeji au ndio mwenye nyumba, amewapikia na pilau, pembeni yako amekaa mtu mnayesali naye, mwingine anadai hela ya upatu kwa mama yako. Huyo mdogo kuliko wote anyooshe mkono mbele ya watu amkatishe mkubwa anayeongea? Hata aambiwe mara mia kwamba ruksa, hawezi, amelelewa hivyo na si kosa lake. Atakaa kimya. Gemu masta ataona kimya atasema sawa wote tumeridhika tuendelee, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, mshindo wenyewe utausikia wiki tatu baadaye pale yule binti atakapoanza kuwa na mitihani isiyoisha kila Jumamosi.

Ndio maana nasisitiza kuuliza mapema na kuuliza kwa siri. Nielezee tulivyofanya kwetu maana naamini wengine wanaweza kuiga. Gemu masta wetu alitaka tucheze msafara wa miaka ya 1870 kutoka Ujiji kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, pembe za ndovu, shanga, vitambaa, njia ile ya kilomita kama 1,200. Ni stori yetu wenyewe na hakuna kampuni ya ng'ambo itakayotuandikia vizuri kuliko sisi. Ila huwezi kupita njia ile ukajifanya huoni watu waliofungwa. Na mkumbuke haya mambo si ya kale kiasi hicho, soko la watumwa Zanzibar limefungwa 1873 lakini utumwa wenyewe kule umeanza kufutwa kisheria 1897, na Tanganyika ni 1922, kwa hiyo kuna watu tunaokaa nao ambao bibi zao walilelewa na mtu aliyezaliwa mtumwa. Pwani mnajua, kuna familia mpaka leo likija suala la posa wazee wanaanza kunong'ona huyu ukoo wao walikuwa nani. Kwenye meza moja anaweza kukaa mjukuu wa aliyeuzwa na mjukuu wa aliyeuza na wote hawajui, au mmoja anajua.

Gemu masta hakuuliza kwenye grupu. Alimtumia kila mtu inbox yake, maswali yaleyale, nini kisitokee kabisa, nini kiwe nyuma ya pazia, nini unatamani kiwepo. Halafu akaleta majibu yamechanganywa hayana majina. Mistari ikawa hakuna kubakwa na hakuna mtoto kuuzwa. Pazia, viboko na mnada, tutajua mnada umefanyika tutasikia dalali kwa mbali basi. Na walichotamani watu kiwepo kilinigusa sana, mmoja aliandika anataka mtu atoroke na asikamatwe, mwingine akaandika tusisahau kwamba wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wanalipwa kwa kazi yao, wasionekane wote ni mateka. Ona sasa, stori haikupungua, iliongezeka, kwa sababu watu walipojua wapi hapataguswa walienda kwa kujiachia kwingine kote.

Na hata baada ya hayo yote lilitokea jambo. Msafara uko njiani kuelekea Mpwapwa, gemu masta anaeleza watu waliovikwa makongwa shingoni wanavyoshindwa kuinama kunywa maji, hiyo haikuwa kwenye mistari wala mapazia. Mdogo wetu pale mezani, binti wa chuo, akaanza kuikunja karatasi ya mhusika wake, anaikunja anaikunjua, zamu yake imefika hasemi kitu. Kadi ilikuwepo mezani na hakuigusa. Gemu masta akamwangalia mara moja tu, akasema haya ni kesho yake asubuhi, maji tumeshayapita, mtemi wa hapa anadai hongo ya vitambaa na shanga, nani anaenda kuongea naye? Watu wakadaka hapohapo. Hakuna aliyemuuliza yule binti ana nini, hakuna aliyesimama kutoa hotuba ya pole, mazungumzo ya hongo yakapamba moto na yeye ndio aliyekuja kumpunguzia bei mtemi. Mpaka leo sijui ilimgusa wapi na sitakiwi kujua. Gemu masta wa namna hiyo namvulia kofia, maana dadu kila mtu anaweza kurusha ila kusoma uso wa mtu wakati stori imekolea ni kazi.

Jambo lingine ni hizo fomu za kuletewa. Ile ya rangi tatu ina buibui, panya, damu, macho, saratani, ubaguzi wa rangi, ni nzuri lakini aliyeiandaa alikuwa anawaza meza ya kwao. Haiwezi kukukumbusha vya kwetu. Chukua mganga, kila gemu masta wa huku anapenda kuweka mganga wa kutisha porini, na rahisi kabisa mtu anamfanya mganga anayetaka viungo vya binadamu. Jamani, kuanzia miaka ya 2000 na kitu watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo Kanda ya Ziwa, watoto wakapelekwa kulelewa kwenye vituo ili wasiuawe. Ukiwa na mchezaji kutoka Shinyanga au Geita, au ana ndugu mwenye ualbino ambaye hajawahi kukutajia, unamwekea nini mezani? Kadhalika mwanamke kuitwa mchawi kwa sababu ana macho mekundu, kule kuna bibi zetu wamekatwa mapanga kwa sababu hiyo. Ukeketaji. Mirathi ya mjane. Mwenzetu wa Kenya ukimletea kijiji kinachomwa moto baada ya kura, huyo ameiona 2007 na 2008. Mrundi ana 1993, Mnyarwanda ana 1994, Mkongo wa Kivu yeye usimtafutie mwaka maana bado yuko ndani yake. Na Kiswahili hichihichi ndio kinatukutanisha wote kwenye meza moja, iwe Dar, Nairobi, au mtandaoni na walioko Minneapolis kule Marekani. Kwa hiyo fomu tuiandike upya sisi wenyewe, tuache buibui wao tuweke vyetu.

Kuna wenzangu wananiambia ukiuliza sana unaua mshtuko, stori inakuwa kama kikao cha harusi. Nimewasikia na siwadharau kwa sababu mshtuko ni raha kweli. Lakini gemu masta akishajua kwamba watoto hawaguswi bado ana msaliti, ana mafuriko, ana barua ya uongo, ana simba, ana rafiki aliyekufa jana akionekana sokoni leo. Anayeona bila ubakaji hana cha kushtulia watu namshauri akae kidogo kwenye kiti cha mchezaji kwanza.

Nawaomba walimu wanaosimamia klabu za gemu mashuleni na vyuoni wasiruhusu hadithi ianze kabla gemu masta hajawauliza wachezaji mmoja mmoja, pembeni, kwa karatasi au simu. Wazazi nao, badala ya kumnyang'anya mtoto dadu, muulize gemu masta wenu ni nani, mmekubaliana nini kisitokee, na ukitaka kuacha katikati unafanyaje. Akiweza kukujibu hayo matatu bila kubabaika muache akacheze. Na wenye vikundi, tuanze kubadilishana orodha zetu za mada za huku, sisi yetu ipo, ina makongwa sasa hivi, na tuko tayari kumpa yeyote anayeihitaji.

Msomaji wako,
Dar es Salaam